Betri za Sola za Mlima Kenya Zilivyokufa Njaa

Mwaka 1984, Wamarekani wawili, mhandisi Harold Burris na mwalimu Mark Hankins, walifunga umeme wa jua katika shule ya sekondari ya Karamugi, upande wa Meru. Wenyeji walipoona taa zinawaka, nao wakaanza kuagiza. Kufikia miaka ya 1990, paneli ziliuzwa madukani katika miji ya mlimani, kutoka Embu hadi Nyeri.

Paneli ilionekana juu ya mabati. Kazi ngumu ilifanyika sebuleni, ndani ya betri.

Pleti chanya ya betri ya risasi hubeba unga wa kahawia, oksidi ya risasi. Betri inapotoa umeme, unga huo huungana na asidi na kugeuka salfeti, ambayo hutaka nafasi karibu mara mbili ya ile ya awali. Inapochajiwa, umeme huirudisha salfeti kuwa oksidi, chembe kwa chembe, juu ya pleti ileile. Pleti huvimba na kunywea kila siku, na kila mara unga kidogo hubanduka ukatuama chini.

Betri ya gari haikuundwa kwa mateso hayo. Pleti zake ni nyembamba, za kuwasha injini kwa sekunde chache; nyumbani ikapewa kazi ya kuendesha TV jioni nzima. Hesabu nayo ilikuwa finyu mno. Paneli ya wati 12, iliyopendwa kwa bei yake, ikipata saa tano za jua kali hutoa takriban wati-saa 60. TV ya wati 15 ikitazamwa kwa saa tatu hula 45, na taa bado hazijawashwa. Julai, Nyeri ikifunikwa na mawingu na manyunyu, hata hizo 60 hazipatikani. Salfeti isiyorudishwa hukomaa kuwa fuwele kubwa, na chaji ya paneli ndogo haiziwezi.

Tiba ilijulikana: pleti nene, au bora zaidi, pleti za mirija, ambazo unga wake hushikwa ndani ya vifuko vya poliesta usibanduke. Lakini hata pleti hizo hudhoofika zisipojazwa chaji. Kosa kubwa lilikuwa kuuza paneli ndogo na betri bila kidhibiti chaji cha kuzima TV mapema.

Mwenye betri ya risasi leo na aichaji hadi ijae kabla ya msimu wa mawingu, na asiilaze ikiwa tupu hata kwa wiki moja.