Yule Bwana wa "Sina Makosa" Hajajibu

Siku hizi mwandishi akimaliza riwaya hutoa pia orodha ya nyimbo alizosikiliza akiandika. Huwa nazisoma zote, sitadanganya. Lakini nyingi ni kama ubani tu: wimbo wa huzuni kwa sura ya huzuni, wa mvua kwa sura ya mvua. Wimbo ambao unaelewa maneno yake haukai kimya hivyo. Unabishana na unachoandika.

Nasema hivi kwa sababu mmoja umenivurugia riwaya.

Naandikia Langas, hapa Eldoret, kwenye chumba cha kupanga, usiku, nikishamaliza vibarua vya uandishi vinavyolipa kodi ya nyumba. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana. Riwaya yangu inahusu majirani wawili wa mtaa huu, kuanzia Desemba 2007 hadi Februari 2008. Wakati huo nilikuwa na miaka minane. Ninachokumbuka ni moshi, na baba akizima redio kila nikiingia.

Orodha yangu ilianza na "Chemirocha", wimbo wa wasichana wa Kipsigis ambao Hugh Tracey alirekodi mwaka 1950. Santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, zilikuwa zimefika huko, na jina lake likageuka likawa la kiumbe nusu mtu, nusu swara. Baadaye nikaongeza "Kasongo" ya Orchestra Super Mazembe. Ni kilio cha mke anayemwita mumewe arudi nyumbani. Mwisho wa 2024 Wakenya waliuchukua wakamfanyia Rais Ruto jina la utani, na kwenye matatu za hapa watu wakawa wanacheka wimbo ukianza tu. Mke na kilio chake hakuna aliyewakumbuka tena.

Nyimbo hizo mbili zilinifunza kitu kimoja: wimbo hauishi mahali ulipotungwa. Anayeusikia huuhamisha. Ndipo ikaja zamu ya "Sina Makosa".

Huu hauhitaji kutambulishwa. Les Wanyika walijitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, na kwa wimbo huu wakaiteka Nairobi na miji mingine yote. Hakuna harusi, baa wala matanga ambapo haujapigwa. Tunaujua kama wimbo wa mapenzi: mwanamume anamtuliza mwenzake mwenye wivu. Kila mmoja wetu ana mtu wake kwake, anamwambia, sasa uhasama huu umetoka wapi?

Usiku mmoja niliusikiliza nikiandika sura ya saba, na manze, nikasimamisha kalamu. Mtu anamsihi jirani aliyekasirika kiasi cha kutaka kumuua, na anashangaa chuki imeingia vipi kati yao. Kila mmoja ana kwake. Hapa Langas maneno hayo si ya wivu wa mapenzi hata kidogo.

Usikilize vizuri. Kiitikio tunachokijua sote hakitaji kosa lenyewe. Kinakana tu. Na gitaa linamwamini anayekana: besi inatembea polepole kama mtu aliyetoka kuoga, hakuna ala inayopaza sauti. Anayeimba yuko hatarini, lakini muziki umeshamwachilia huru. Hiyo ndiyo sababu tunaupenda, na ndipo ulipo ujanja wake. Ukicheza, umeshatoa hukumu.

Mhusika wangu mkuu alikuwa akisimulia hivyo hivyo. Kurasa mia moja na ishirini za mzee mpole akieleza kwamba hakufanya lolote: watu walipita, geti lilikuwa wazi, yeye alikuwa ndani. Nilikuwa nimempa sauti tamu na sikumwuliza swali hata moja. Nilidhani naandika kwa huruma, kumbe nilikuwa nampigia besi.

Na si yeye peke yake. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Mwaka 2016 kesi ya mwisho ya wakubwa huko The Hague ilisitishwa. Mtaani uliza yeyote wa umri wa baba yangu, utaambiwa kila mtu alikuwa ndani. Sina makosa, huna makosa, hana makosa. Ni mnyambuliko wa kitenzi cha Eldoret.

Silaumu Les Wanyika. Waliimba juu ya mambo ya wapenzi, na kama wimbo wa mapenzi sijasikia unaoushinda. Ila kuna mtu mmoja ndani yake ambaye kwa zaidi ya miaka arobaini tumecheza juu ya kimya chake: yule bwana anayeambiwa atulize hasira. Hatujawahi kusikia alipoteza nini. Labda amekosea. Labda ana haki. Wimbo hauna nafasi ya kumsikiliza, riwaya inayo.

Kwa hiyo nimeanza upya. Kurasa zile zote nimeziweka kando, na msimulizi sasa ni jirani wa pili, aliyerudi Langas akakuta mtu mwingine anaishi kwake. Ni mkali, hapendeki, na sentensi zake hazichezeki.

"Sina Makosa" bado iko kwenye orodha. Huipiga mara moja kabla ya kuanza, kisha nazima, kama baba na redio yake. Tofauti ni kwamba mimi nikizima namwacha mtu aongee.