Cherehani ndani ya tangi: tukisoma Hiroshima ya John Hersey

Hoja ya kutetea bomu la Hiroshima bado tunaisikia: bila bomu lile vita ingeendelea, wangekufa wengi zaidi. Henry Stimson, aliyekuwa waziri wa vita wa Marekani, aliiandika waziwazi mwaka 1947: kuivamia Japani kungegharimu jeshi la Marekani watu zaidi ya milioni moja, wa kufa na wa kujeruhiwa. Ni hoja ya hesabu. Na sisi wa kambini, jamani, kuhesabiwa tunakujua; kila kaya ina namba yake kwenye kadi ya mgao.

John Hersey alikuwa ameshaijibu mwaka mmoja kabla, bila kubishana na mtu. Kitabu chake kilitoka kwanza kwenye gazeti la The New Yorker, tarehe 31 Agosti 1946, na kinafuata watu sita tu waliopona. Hakuna kelele humo. Anaeleza nani alikuwa wapi asubuhi ile ya tarehe 6 Agosti 1945, basi.

Anayenishika mimi ni Mama Hatsuyo Nakamura, mjane wa fundi wa kushona aliyekufa vitani Singapore. Anawafukua watoto wake watatu kwenye kifusi. Halafu, kabla ya kukimbia, anaitumbukiza cherehani kwenye tangi la maji mbele ya nyumba, isiungue. Ndiyo ilikuwa inawalisha. Mtu aliyewahi kutoka kwao mbio, na dakika moja tu ya kuchagua abebe nini, hatauliza kwa nini. Cherehani inakuja kutolewa imejaa kutu. Baadaye anaumwa, hana pesa, anaiuza amlipe daktari.

Sasa mweke mama huyu kwenye mzani wa Stimson. Ukisema watu kama yeye ni bei halali ya kuokoa askari, umemgeuza kuwa sarafu ya kulipia vita ya wengine. Wapo watakaouliza: kwani jeshi la Japani halikuua raia kule Nanjing? Liliua, tena kinyama. Lakini mjane huyu hakwenda Nanjing.

Lawama ninayo. Kati ya wale sita, watano ni Wajapani na mmoja ni padri Mjerumani. Wakorea walikufa Hiroshima kwa maelfu, wakiwemo walioletwa kwa nguvu kufanya kazi, na hakuna hata mmoja wao anayefuatwa. (Mnara wao wa kumbukumbu, uliojengwa 1970, ulikaa nje ya Bustani ya Amani mpaka 1999.) Wala wachimbaji wa Shinkolobwe, kule kwetu Katanga, ambako sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu ilitoka.

Mwaka 1985 Hersey aliongeza sura ya mwisho, akawafuata tena walewale sita. Nafasi ya kumtafuta wa saba aliipata.