Fomu ya ridhaa inasomwa na nani?



Mwenzenu nimekuwa kimya kwa muda, si kwa maradhi wala kwa kiburi, bali kwa fomu. Wengine mnanijua kama mwalimu wa sheria. Shahada ya uzamivu niliichukulia huku Uingereza, nikasomesha, kisha miaka kadhaa iliyopita nikaongeza kazi ya nusu wiki katika taasisi moja ya utafiti wa afya, jina lake niachieni mwenyewe. Cheo changu ni afisa wa sheria na maadili. Ukiondoa mikutano (na mikutano haina mwisho), kazi yenyewe ni kusoma fomu za ridhaa kabla hazijapelekwa kwenye kamati za maadili za nchi ambako utafiti utafanyika. Na kwa kuwa ofisini Mswahili ni mimi peke yangu, za Kiswahili zote zinaniangukia mimi.

Nataka leo niihakiki fomu hii kama tunavyohakiki riwaya au diwani. Msicheke. Sisi tunaweza kugombana wiki nzima juu ya mstari mmoja wa Kezilahabi, ilhali kuna maandishi ya Kiswahili yanayosomwa kwa sauti kila siku ya Mungu mbele ya kina mama waliokaa kwenye mabenchi ya zahanati, Korogwe, Bagamoyo, Kilifi, na mwisho wa kusomewa mtu anatakiwa aweke sahihi au dole gumba. Ni riwaya gani inayomdai msomaji wake dole gumba?

Nianze na umbo. Fomu ninazozipata zina kurasa kumi, kumi na mbili, nimewahi kuona kumi na nne. Ukurasa wa kwanza ni majina: watafiti wakuu na vyeo vyao, vyuo, wafadhili, namba ya protokoli, toleo, tarehe. Mama mwenye mtoto mgongoni anasubiri mpaka ukurasa wa pili ndipo aambiwe kwa nini ameitwa. Kanuni za Marekani zilizoanza kudaiwa mwaka 2019 zinataka jambo la msingi liwekwe mwanzo, kwa ufupi, kabla ya mengine yote. Kwenye Kiswahili naona wameliweka kisanduku mwanzoni, ndiyo, halafu ndani ya kisanduku wakarudia majina.

Halafu sarufi. Azimio la Helsinki, lililopitishwa mara ya kwanza mwaka 1964, lilipopitiwa upya mwaka 2024 liliachana na lile neno la zamani la Kiingereza lenye maana ya mtu anayefanyiwa jambo, na sasa linasema "washiriki". Wenzetu wa huku walilipokea kwa furaha. Mimi nikawaambia Kiswahili kimekuwa kikisema "mshiriki" miaka yote. Nikajisifu kidogo. Kisha nikarudi mezani nikavitazama vitenzi: mshiriki atachukuliwa damu, atapimwa, atafuatiliwa nyumbani, atapangiwa kundi, ataondolewa iwapo itaonekana inafaa. Itaonekana na nani? Haisemi. Kitenzi pekee ambacho mshiriki anakifanya yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ni kuweka sahihi. Huko ndiko kushiriki?

Sasa nije kwenye neno lililonifanya niandike. Katika majaribio mengi ya dawa watu hugawanywa makundi bila mtu yeyote kuchagua nani aende wapi, ili matokeo yasiwe na upendeleo. Ni jambo la busara, na bila hilo tusingejua dawa ipi inafaa. Lakini fomu zetu zinasemaje? "Mtoto wako atapangiwa kundi kwa njia ya bahati nasibu." Jamani. Bahati nasibu ni mchezo. Unanunua tiketi, kuna mshindi, kuna gari au televisheni. Neno likiwa peke yake katika kamusi unaweza kulitetea, lakini neno haliishi katika kamusi.

Nilimpigia mama yangu mdogo Tanga. Ana zaidi ya miaka sabini, kalea watoto wake na wa wenziwe, anasoma Kurani na gazeti. Baada ya shikamoo na habari za mvua nikamwomba nimsomee ukurasa mmoja. Akasikiliza kimya. Nilipofika hapo akanikatiza:

"Kwani wanachezesha bahati nasibu? Atakayeshinda anapata nini?"

Nikamwambia hakuna mshindi, mama.

"Sasa mbona wanaita bahati? Hao watakaokosa bahati wanapewa nini, mwanangu? Sindano tupu?"

Tazama mantiki yake. Kwa swali moja amefika kwenye jambo ambalo fomu ililificha kwa kurasa tatu, kwamba kuna kundi litakalopata kitu kisichokuwa dawa. Na amefika akiamini kuwa kundi moja ndilo la wenye bahati, yaani lile la dawa mpya, wakati utafiti unafanywa kwa sababu hakuna anayejua kama dawa ile ni bora. Huenda ikawa mbaya zaidi. Mama aliyeambiwa "bahati nasibu" ataomba Mungu mwanawe aangukie upande ambao pengine ndio wenye madhara.

Basi nikaandika upya. "Kompyuta ndiyo itakayochagua mtoto wako aingie kundi lipi. Daktari hachagui, wewe huchagui. Kundi moja litapewa dawa inayojaribiwa, kundi jingine litapewa maji yasiyo na dawa. Bado hakuna anayejua kundi lipi litakuwa na afya bora; ndiyo maana tunafanya utafiti." Nikamsomea mama mdogo. Akasema: "Hapo sawa. Hapo naweza kukataa." Sikilizeni alivyosema: hapo naweza kukataa.

Sentensi zangu hazikupita.

Hazikupita kwa sababu ya kitu kinachoitwa tafsiri ya kurudishia. Fomu inaandikwa kwa Kiingereza, inatafsiriwa kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine ambaye hakuiona ile ya kwanza anairudisha kwenye Kiingereza, halafu Kiingereza hiki na kile vinalinganishwa. Vikifanana, tafsiri ni nzuri. Ndivyo wanavyoamini, na kwa mtu asiyejua lugha ya pili ni njia inayoeleweka. Lakini fikirini kidogo, nyie watu wa lugha. Tafsiri ipi itarudi salama kuliko zote? Ni ile iliyofuata Kiingereza neno kwa neno, kisigino kwa kisigino. Kiswahili kibovu kinarudi nyumbani bila mkwaruzo. Kiswahili chenyewe, kilichomkusudia mama wa Tanga, kinarudi kimebadilika sura, na kinashikwa mlangoni. Jibu nililoletewa lilisema kwamba neno la asili halimo, na kwamba "kompyuta" na "bado hakuna anayejua" vimeongezwa. Ni kweli vimeongezwa. Niliviongeza mimi.

Kwa hiyo swali la kichwa cha habari jibu lake ni hili: fomu ya Kiswahili inasomwa na Mwingereza. Imeandikwa ili irudi. Mama ni kituo cha njiani tu.

Nisiwaonee wenzangu wa upande wa sheria, manake na mimi ni mmoja wao. Hofu yao ina asili. Kesi tunayoisomesha sana ni ya Kano, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 1996, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa iitwayo Trovan kwa watoto. Watoto 200, mia walipewa dawa hiyo na mia walipewa dawa nyingine iliyokuwa ikitumika. Kumi na mmoja walifariki, watano katika kundi la kwanza na sita katika la pili, na familia zikadai kuwa wengine walibaki na ulemavu. Wazazi walisema hawakuambiwa kuwa ni majaribio. Kampuni ikasema waliambiwa kwa mdomo na wakakubali, na ikakana kosa. Januari 2009 mahakama ya rufaa ya New York iliamua kuwa kumfanyia mtu majaribio ya tiba bila ridhaa yake ni jambo lililokatazwa na sheria ya kimila ya kimataifa, na kesi inaweza kuendelea Marekani. Mwaka huohuo kampuni na serikali ya jimbo la Kano wakapatana kwa dola milioni 75.

Kuna namna mbili za kuisoma kesi hii. Mtu wa maadili anauliza: wale wazazi, kwa Kihausa, usiku ule, walielewa nini? Mtu wa sheria anauliza: karatasi iko wapi? Mimi nimeajiriwa niulize yote mawili, kwa kiungo kile cha "na" kilichomo katika cheo changu. Siku nyingi maswali hayo hayagombani. Yanapogombana, karatasi ndiyo inayoshinda, kwa sababu karatasi inaweza kupelekwa mahakamani na kuelewa kwa mama hakuwezi. Ndiyo maana fomu inamalizia kwa "nimesomewa na nimeelewa". Angalieni nafsi ilivyogeuka. Kurasa zote alikuwa "mshiriki" anayefanyiwa. Ghafla mstari wa mwisho ni "mimi". Amepewa nafsi ya kwanza pale tu lilipohitajika shahidi dhidi yake mwenyewe.

Na hilo la kuelewa halijafichika. Sassy Molyneux na wenzake walichapisha mwaka 2004, katika jarida la Social Science & Medicine, uchunguzi wa tafiti tatu pwani ya Kenya, wakaonyesha jinsi wazazi wengi walivyochanganya utafiti na matibabu ya kawaida. Haishangazi. Anayekuja amevaa koti jeupe, anaitwa daktari, na dawa iko kwake kuliko hospitali ya serikali. Sisi tuliokulia pwani tunajua pia upande wa pili, ule wa mumiani, mtu anayechukua damu za watu akafanyie dawa. Tulitishwa naye utotoni tusitoke magharibi. Wataalamu wakisikia habari za mumiani husema ni ujinga wa wanakijiji. Lakini mumiani, ukimsikiliza, ni swali: damu yangu inakwenda wapi, na nani anafaidika? Fomu inajibu kuwa sampuli "zitahifadhiwa kwa ajili ya tafiti za baadaye". Hilo kwa mama mdogo si jibu.

Hata neno lenyewe, ridhaa. Lina undugu na radhi. Mtu anataka radhi za wazazi wake kabla ya safari; ukimkosea mtu unamwomba radhi. Ni neno la moyo uliotulia. Kinachotakiwa kwenye fomu ni idhini, ruhusa ya kufanya. Waliochagua "ridhaa" walichagua neno zuri kuliko walichokuwa wakikiomba, na sasa tunachukua idhini tukiandika ridhaa.

Na kuna mahali ambapo hata fomu haikuwepo. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipoanza kutolewa kwa majaribio ya utekelezaji mwaka 2019 Malawi, Ghana na magharibi ya Kenya, WHO ilihesabu ridhaa kuwa imo ndani ya kitendo: mzazi ametangaziwa chanjo, amemleta mtoto, basi amekubali. Februari 2020 Peter Doshi aliandika katika jarida la BMJ kwamba huo ni utafiti, kwa kuwa maeneo yaligawanywa kwa kura na maswali ya usalama yalikuwa bado wazi, na kwamba wazazi hawakuambiwa kuwa wamo katika utafiti. WHO ilishikilia kuwa chanjo iliingia kwa utaratibu wa kawaida wa nchi husika na kamati ya maadili iliridhia. Hofu zile za usalama hazikuthibitika baadaye, na Oktoba 2021 chanjo ikapendekezwa rasmi. Nimefurahi, wallahi. Watoto zaidi ya 15,000 wa nchi saba, wakiwemo wa Korogwe kwetu, walikuwa katika majaribio ya awali, na mimi si adui wa utafiti. Lakini matokeo mema hayajibu swali la idhini. Katika fikihi yetu bikira akinyamaza kimya chake huhesabiwa ni kukubali, wengi mnalijua hilo. Lakini hata yeye huulizwa kwanza. Kimya ni jibu pale palipokuwa na swali.

Jambo dogo la mwisho, "fidia". Fomu moja inasema "utapewa fidia ya nauli" ukurasa wa sita, na ukurasa wa tisa "hakuna fidia iliyotengwa kwa madhara". Mama anasikia kuwa fidia ipo, kisha haipo. Mwongozo wa CIOMS wa mwaka 2016, kanuni ya 14, unataka aliyeumia kwa sababu ya utafiti atibiwe bure na afidiwe. Nauli iitwe nauli, basi.

Mwezi ujao nina fomu nyingine mezani, na safari hii nimeomba mbele ya tafsiri ya kurudishia wawekwe kina mama watano wasomewe, kisha waulizwe waeleze kwa maneno yao. Nimeambiwa itaangaliwa kama bajeti inaruhusu. Wakati huo huo natafuta badala ya "bahati nasibu". "Kura" nimeijaribu, inaleta uchaguzi wa wabunge. "Kupigiwa kura" ni mbaya zaidi. "Kurusha shilingi" mama mdogo anasema ni kamari, na kamari ni haramu. Mwenye neno la kwao, Lamu, Pemba, Lubumbashi, Muscat, popote, aniletee, na anieleze linavyotumika huko mitaani.

Wasalaam.