Katikiro Ugenini

Mwaka 1902 Ham Mukasa alifuatana na Katikiro Apolo Kagwa kwenda Uingereza kushuhudia kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Habari za safari hiyo aliziandika kwa Kiluganda. Tafsiri ya Kiingereza ya Ernest Millar ikatoka mwaka 1904. Taban lo Liyong alipoifupisha mwaka 1975, aliipa jina lidailo kwamba Kagwa ndiye aliyeigundua Uingereza. Jina hilo lachekesha, nasi twalipenda, ila lataja nusu tu ya jambo.

Mukasa hupima ya ugenini kwa ya nyumbani, ili msomaji wake wa Buganda apate kufahamu. Wanaomwona mshamba aliyeduwaa hawakukitazama kipimo chenyewe. Mfalme aliugua, sherehe ikaahirishwa kutoka Juni hadi Agosti. Na mmoja wa wageni wanaongoja ni Kagwa, mmojawapo wa walezi watatu wa enzi ya Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa bado mtoto mdogo. Hapo hatuwezi kuisoma London peke yake: kiti cha Mengo, kilichokuwa kipimo, nacho chapimwa. Wanafunzi wetu na waanzie katika kungoja huko, kabla ya maajabu ya magari moshi.