Lugha ya Kufundishia ni ya Nani? Uhakiki wa Istilahi Tatu za Utafiti wa Lugha katika Vyuo Vikuu

1. Utangulizi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kuona istilahi za udaktari, za sheria, za ufundi na za biashara zikipimwa katika kurasa zake. Ni mara chache sana tunapozigeukia istilahi tunazozitumia sisi wenyewe, watu wa lugha, tunapochunguza jinsi lugha inavyofundishwa na inavyotumiwa kufundishia katika elimu ya juu. Labda tunadhani kwamba nyumba ya seremala haihitaji kukaguliwa milango. Lakini istilahi iliyolegea haiishii kulegeza maneno. Hulegeza hata maswali ambayo mtafiti anamwuliza mwanafunzi, na majibu anayorudi nayo.

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki istilahi tatu ambazo hazikosekani katika utafiti wa aina hiyo nchini Tanzania, nazo ni lugha ya kufundishia, kusoma, na stadi za mawasiliano. Kwa maoni ya mwandishi huyu, zote tatu zina kasoro ya aina moja: zimeundwa, au zinatumiwa, kwa kumtazama anayefundisha, na hivyo zinamficha anayefundishwa mahali pale pale anapokwama.

2. Lugha ya kufundishia

Yafaa tuanze na umbo la neno lenyewe. Kufundisha lugha ni jambo moja. Kufundishia lugha ni jambo jingine. Katika lile la kwanza lugha ndiyo somo. Katika la pili, kiambishi cha kutendea kimeigeuza lugha kuwa chombo, kama vile tusemavyo jembe la kulimia, kisu cha kukatia au sufuria ya kupikia. Hadi hapo hakuna kosa lolote, na lugha yetu imefanya kwa silabi moja kazi ambayo lugha nyingine zingeifanya kwa maneno kadhaa.

Shida inatokea tukiuliza chombo hicho kimo mkononi mwa nani. Jembe la kulimia limo mkononi mwa mkulima, na lugha ya kufundishia, kwa umbo lake, imo mkononi mwa mwalimu. Basi mtafiti anayeuliza habari za lugha ya kufundishia, bila kukusudia, huanza kwa mwalimu: anatumia lugha gani, anaimudu kiasi gani, anaichanganya na nyingine mara ngapi. Mwanafunzi huja baadaye, kama mpokeaji. Ilhali mwanafunzi naye ana chombo chake, nacho ni lugha anayojifunzia, yaani ile anayoitumia kufikiri, kuuliza wenzake, kuandika muhtasari wake wa pembeni na kuwaeleza wengine alichokielewa. Katika vyuo vyetu, ambako mihadhara hutolewa kwa Kiingereza isipokuwa katika masomo ya Kiswahili na ya lugha nyingine, vyombo hivi viwili aghalabu si kimoja. Mhadhara ukiisha, wanafunzi hutoka nje na kuulizana kwa Kiswahili, «Alikuwa anasema nini?» Swali hilo ndilo ambalo utafiti ulipaswa kuanza nalo.

Historia inatupa mfano. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika katika shule za sekondari mwaka 1985, na kiwe kimefika vyuo vikuu ilipofika mwaka 1992. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 watafiti wawili, Clive Criper na William Dodd, kwa msaada wa Uingereza, walipima Kiingereza cha wanafunzi kuanzia shule za msingi hadi Chuo Kikuu. Waliona kwamba kati ya wanafunzi wa Chuo Kikuu waliopimwa, wale ambao wangeweza kusoma bila taabu hata vile vitabu vyepesi vya masomo yao hawakufika asilimia 20. Pamoja na hayo ripoti ilishauri kwamba Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia na kitiliwe nguvu, na mwaka 1987 ukaanza mradi wa kuimarisha ufundishaji wake katika shule za sekondari.

Tuitazame hatua hiyo ya mawazo. Kipimo kilikuwa juu ya mwanafunzi, na kilionyesha kwamba hakielewi chombo. Ushauri ulikuwa juu ya chombo, kwamba kinolewe. Kati ya kipimo na ushauri palikosekana swali moja: je, katika miaka ambayo chombo kitakuwa kinanolewa, mwanafunzi huyu atakuwa anajifunza kwa lugha ipi? Ripoti yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, na isingekuwa haki kulibebesha neno la Kiswahili makosa yake. Lakini mjadala uliofuata nchini, magazetini na katika warsha, uliendeshwa kwa neno letu, nalo neno letu halikutusaidia kuliona pengo hilo. Tulibishana juu ya lugha ya kufundishia kana kwamba walimu wakikubaliana, wanafunzi watakuwa wamekwisha kuelewa.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilipiga hatua njema kwa kuyataja mambo mawili pamoja, kufundishia na kujifunzia. Hata hivyo, katika tasnifu na ripoti nyingi maneno hayo mawili huandamana kama pacha wasioachana, na hakuna anayeuliza kama kweli yanakwenda njia moja. Kuyaunganisha kwa kiunganishi «na» hakutoshi. Inafaa yatenganishwe, kila moja lipimwe peke yake, na tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo iwe matokeo ya utafiti.

3. Kusoma

Istilahi ya pili ni kongwe kuliko vyuo vikuu vyetu vyote. Kusoma ni kuyapitia maandishi kwa macho au kwa sauti. Kusoma ni pia kuwa mwanafunzi. Tunasema «anasoma gazeti» na «anasoma Chuo Kikuu» kwa kitenzi kile kile. Katika mwambao ipo maana nyingine ambayo haifai kusahauliwa. Mtoto aliyepelekwa chuoni husoma Kurani, yaani huitamka kwa usahihi, kabla hajafundishwa maana ya maneno anayoyatamka. Hakuna anayedanganyika hapo. Mzazi, mwalimu na mtoto wote wanajua kwamba kusoma huko ni hatua yenye heshima yake, na kwamba tafsiri ina wakati wake na walimu wake.

Sasa maana hizi tatu zinapoingia katika hojaji ya utafiti bila kutenganishwa, matokeo yanakuwa fujo. Mwandishi huyu aliwahi kukabidhiwa tasnifu moja aihakiki, katika chuo ambacho hakuna haja ya kukitaja. Mtafiti alikuwa amewauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, «Je, unaweza kusoma kwa Kiingereza bila matatizo?» Wengi walijibu «Ndiyo», na mtafiti akahitimisha kwamba stadi ya kusoma ilikuwa imara. Nilipoyapitia maelezo ya ziada ambayo wanafunzi waliyaandika chini ya swali, niliona kwamba mmoja alikuwa anajibu juu ya vitabu, mwingine juu ya maisha yake ya chuo kwa jumla, na wa tatu alieleza wazi kwamba hukariri maelezo ya mwalimu neno kwa neno na hufaulu mitihani. Wote watatu walikuwa wanasema kweli. Swali ndilo lililokuwa moja kwa jina na matatu kwa maana. Mimi nami sikulaumu vikali, kwa kuwa nilikumbuka hojaji zangu za zamani, na zilikuwa na swali hilo hilo.

Dawa yake haihitaji neno la kigeni. Lugha imekwisha kutupatia nyenzo, ila hatuzitumii. Pale ambapo kitenzi kinachanganya, nomino zinatenganisha: usomaji ni tendo la kupitia maandishi, masomo ni shughuli ya mwanafunzi. Vitenzi navyo vina msaada wake. Mtu husomea sheria au uhandisi. Hudurusu alichokwisha kufundishwa. Hukariri anachotaka kukirudia kama kilivyo. Nalo neno ufahamu, ambalo kila mwanafunzi wa shule ya msingi analijua kutokana na mazoezi yake, linatosha kabisa kutaja kile hasa ambacho watafiti wa 1984 walikuwa wanakitafuta. Mtafiti akiuliza juu ya usomaji wenye ufahamu, akampa mwanafunzi ukurasa mmoja wa kitabu cha fani yake na kumtaka aeleze kwa lugha yoyote kilichosemwa, atajua kwa nusu saa jambo ambalo hojaji ya kurasa kumi haikumwambia.

Hayo maneno «kwa lugha yoyote» ni ya lazima. Tukimtaka mwanafunzi aeleze kwa Kiingereza alichokisoma kwa Kiingereza, tunapima mambo mawili kwa mizani moja, na akishindwa hatujui kama alishindwa kuelewa au alishindwa kusema.

4. Stadi za mawasiliano

Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha kuwasaidia wanafunzi ambao Kiingereza chao hakikutosha kwa masomo yao. Tangu hapo somo la namna hiyo limeenea katika vyuo vingi, na kwa Kiswahili tumelizoea kwa jina la stadi za mawasiliano.

Neno stadi, kwa asili ya matumizi yetu, humsifu mtu: fundi stadi, nahodha stadi, na sifa yenyewe huitwa ustadi. Kulifanya stadi kuwa jina la uwezo unaoweza kuhesabiwa, stadi ya kwanza, stadi ya pili, ni upanuzi wa maana ambao umekwisha kukubalika, na hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu ni juu ya neno mawasiliano. Somo linalofundishwa chini ya jina hili kwa sehemu kubwa ni Kiingereza cha kitaaluma: kusikiliza mhadhara wa Kiingereza na kuandika muhtasari wake, kusoma kitabu cha Kiingereza, kuandika insha ya Kiingereza yenye marejeo. Ni somo la maana, na walimu wake wanafanya kazi ngumu katika madarasa yaliyofurika. Lakini jina lake halisemi hivyo.

Mfikirie binti aliyelelewa Kilosa au Tunduru, ambaye husuluhisha ugomvi wa wenzake bwenini, huongoza mkutano wa wanafunzi kwa hoja zilizopangwa, na akisimama kuzungumza kwa Kiswahili ukumbi hunyamaza. Huyu anaambiwa rasmi na chuo chake kwamba ana upungufu wa stadi za mawasiliano. Kwa kweli upungufu wake ni wa Kiingereza cha vitabuni, na hauhusu kitu kingine. Jina la somo limemvua uwezo alionao ili kumpa asiokuwa nao, na naye, kwa kuwa chuo ni mamlaka, atasadiki. Mtafiti anayekuja baadaye na kuandika kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza ni dhaifu katika mawasiliano huwa anatia muhuri juu ya kosa hilo.

Tunapendekeza somo hilo liitwe kwa jina la kazi yake, Kiingereza cha Kitaaluma. Mahali ambapo ustadi wa jumla wa kupanga hoja na kuziwasilisha unafundishwa kweli, jina la sasa libaki, mradi Kiswahili nacho kipewe nafasi ndani yake.

5. Pingamizi

Pingamizi la kwanza litasema kwamba kubadili majina hakubadili hali. Ni kweli kwamba ukiliita jembe butu kwa jina jipya halitapata makali. Ila hapa tunazungumzia utafiti, na utafiti huenda pale ambapo swali linauelekeza. Swali lililoundwa vibaya kwa miaka arobaini hutoa majibu yasiyotumika kwa miaka arobaini.

Pingamizi la pili ni la siku zote, kwamba Kiswahili hakina istilahi za kuendeshea elimu ya juu. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1970. Haikusubiri kamusi. Fonimu, mofimu, kirai, kishazi, kiima na kiarifu ni maneno yaliyozoeleka kwa kutumika darasani, katika mitihani na katika makala. Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mwaka 1990, miaka ishirini baadaye, ikasanifu yaliyokuwa yanatumika. Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Mwanafunzi wa isimu anayehudhuria mhadhara wa Kiswahili na kuandika mtihani kwa Kiswahili bado hupewa vitabu vingi vya Kiingereza avisome usiku. Yeye naye ana lugha ya kufundishiwa na lugha ya kusomea zisizolingana, na hali yake inastahili kuchunguzwa kama ya wenzake wa sayansi.

6. Hitimisho

Kwa muhtasari, tunaliomba Baraza na wote wanaosimamia tasnifu za lugha mambo matatu. Kwanza, lugha ya kufundishia na lugha ya kujifunzia ziorodheshwe kama istilahi mbili, kila moja na fasili yake. Pili, katika hojaji na majaribio, kitenzi kusoma kisitumike peke yake. Mtafiti aseme kama anauliza juu ya usomaji, ufahamu, kukariri au masomo. Tatu, stadi za mawasiliano lisiwe jina la Kiingereza.

La mwisho ni la adabu ya utafiti. Ripoti nyingi juu ya matatizo ya lugha ya wanafunzi wetu huandikwa kwa lugha ile ile ambayo zinathibitisha kwamba wanafunzi hawaimudu, kisha huwekwa maktabani. Mwanafunzi aliyejaza hojaji angalau arudishiwe kurasa mbili tatu za matokeo, kwa Kiswahili, ili asome, na aelewe, yaliyoandikwa juu yake.