Wimbo wa Mwanamke Mwenye Bastola

Mwaka 1943, wakati wa vita, wimbo wa Al Dexter wa Texas, "Pistol Packin' Mama", ulivuma sana Marekani katika mashine za santuri zilizopigwa kwa sarafu vilabuni. Habari yake ni ya mwanamume aliyestarehe kwa pombe na dansi na mwanamke mwingine, hata mpenzi wake akamfumania na bastola. Tuni yake ni nyepesi, yachangamsha. Bing Crosby naye aliuimba. Lakini sikilizeni vema. Yule mwanamke alilia pia, ila machozi yake yapitwa kwa neno moja. Nayo ahadi ya uaminifu yatolewa kwa sharti kwamba bastola iwekwe kando. Hiyo si toba, ni hofu. Mtungaji ametuchekesha kwa bastola, hata kosa lililoileta twalisahau.