Bibi Salme: Mapenzi Yenyewe Yako Wapi?

Hebu tuwe wakweli, ndugu wasomaji. Wengi wetu tukizishika Kumbukumbu za Emily Ruete, zilizotoka Ujerumani mwaka 1886, tunatafuta mapenzi. Binti wa Seyyid Said, kazaliwa Mtoni 1844, kapendana na jirani yake wa Mji Mkongwe, Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Kashika mimba. Mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, na huko, Mei 1867, akabatizwa na kuolewa siku moja. Sinema tupu! Mimi nilikuwa na sababu ya ziada: mwenzangu ni Mkatoliki wa Songea, mimi mtoto wa Mangapwani, na nyumbani bado sijafungua mdomo.

Basi nilichokikuta ni kurasa chache mno. Mwandishi anayeweza kukueleza siku nzima ya jumba la kifalme, mavazi, vyakula, sikukuu, malezi ya watoto, akifika kwa mwanamume aliyemfanya aache dini na ndugu anapita mbio, kama mtu apitaye mlango wa anayemdai. Wenzangu darasani wanasema huo ni udhaifu wa fani. Sikubaliani nao. Heinrich alikufa 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Na mama huyo alipoandika alikuwa bado anadai urithi wake kwa kaka yake, Seyyid Barghash. Mjane wa namna hiyo angemwaga vipi moyo wake mbele ya wasomaji wa Kijerumani, watu baki?

Moyo umo kwenye barua alizomwandikia shoga yake wa Unguja. Hakuzichapa uhaini mwake. Zilitoka kwa Kiingereza mwaka 1993. Humo ndimo ndoa ilimo: baridi, lugha, chakula, macho ya watu, na ubatizo alioupokea bila kujua unamtaka nini. Hakuna hotuba juu ya "mila mbili". Kuna mwanamke asiyejua aketi wapi, basi.

Lakini liko linaloniuma, na hapa simtetei. Katika Kumbukumbu anautetea utumwa, eti watumwa wa Uarabuni hawakuteseka kama tunavyodhani. Kwetu Mangapwani kipo chumba kilichochongwa ndani ya mwamba wa matumbawe, ambamo watu walifichwa baada ya mkataba wa 1873 kuipiga marufuku biashara hiyo baharini. Tulikuwa tukicheza karibu nacho. Ukikulia pale, ukurasa ule haumezeki.

Kibaya zaidi, jibu lilikuwamo nyumbani mwake. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkasi aliyetekwa utotoni akawa suria. Jumba zima lilijaa Macherkasi na Mahabushi. Mataifa yalichanganyika humo kila usiku na hakuna aliyeita fedheha. Fedheha ilianza mwanamke alipochagua mwenyewe. Salme alikuwa na pande zote mbili za habari hii mkononi, na hakuziunganisha. Huo ndio udhaifu wa kitabu, si uchache wa kurasa za mahaba.

Mwenzangu naye amekisoma. Aliponirudishia aliniuliza kama Jilfidan aliwahi kuulizwa chochote. Nikabaki namtazama. Naomba wahadhiri wetu: mkitusomesha Kumbukumbu, barua nazo zije pamoja.